Benchi la Wasindikizaji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza chuo. Sikuomba, sikufaulu mtihani wowote, sikupewa kitanda. Nimepewa benchi. Benchi refu la mbao lisilo na egemeo, limewekwa nyuma kabisa ya darasa, na juu yake ukutani wamebandika karatasi: WASINDIKIZAJI TU. Utadhani kuna watu wanaligombania.

Niandike ilivyokuwa, maana nikikaa hapa muhula mzima bila kuandika nitamtukana mtu. Muhula uliopita bweni la wavulana liliungua. Walikufa wawili, wa chumba cha mwisho. Mmoja alikuwa anatumia dawa za akili, na hilo likatosha. Majivu hayajapoa, chuo kizima kilishajua nani kawasha moto. Sasa Mlezi wa Wanafunzi ametoa agizo: kila mwanafunzi anayetumia dawa za akili aje na ndugu, au mtu mzima mwingine yeyote aliyekubali, akae naye darasani, maktaba, mpaka mlango wa choo. Bila msindikizaji, geti halifunguki. Mwenyewe anaita "kuwashika mkono wenzetu."

Mdogo wangu anatumia dawa hizo. Anasomea upimaji wa ardhi na huu ndio muhula wake wa mwisho. Akili yake ilikuwa inapanda na kushuka: ikipanda anaongea siku tatu hafumbi jicho, ikishuka hawezi hata kuchana nywele. Tangu apate dawa inayomfaa, kilichobaki ni kiu na mikono inayotetemeka kidogo. Mama miguu haimchukui. Mume wangu ni fundi wa mafriji, na friji za watu hazisubiri. Nikabaki mimi, na cherehani yangu imefunikwa shuka nyumbani, na mgongoni mtoto wa miezi kumi ambaye tunamwita Bosi, kwa sababu kazi yake ni kula, kulala na kufokea watu.

Getini mlinzi akaniuliza, "Unamsindikiza nani?"

Nikamwonyesha mdogo wangu, aliyesimama hapo hapo na kitambulisho shingoni.

"Mgonjwa wako ndiye huyu?"

"Ana masikio. Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Akaandika.

Jumatano, 6 Machi

Benchini tuko wawili. Mwenzangu ni mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori, namwita Mzee Dereva. Anamsindikiza mwanawe, kijana mrefu anayesikia sauti ambazo sisi hatuzisikii na anachomwa sindano kila mwezi zinyamaze. Darasa linamwita Kimya. Mzee hajui kunyamaza. Tangu asubuhi nimesikilizishwa habari za giaboksi moja iliyokufa mlimani, na kila akifika kwenye kona mguu wake unakanyaga breki iliyoko kichwani mwake, benchi zima linatikisika, Bosi anaamka.

Wanafunzi wameacha safu nzima ya viti vitupu kati yao na mdogo wangu na Kimya. Watu wazima, watakuja kupima barabara na mashamba ya watu, wanakimbia msichana anayekunywa maji sana.

Mwalimu wa vipimo ni mtu mkavu. Haingii na salamu, hatoki na kwaheri. Nimempa jina Jiwe.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Bosi kala kona ya kitabu cha Mzee Dereva. Hakuna la zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Leo Mlezi wa Wanafunzi alikuja na wageni. Huyu mtu anacheka kwa meno tu, juu ya meno uso wote umelala. Nitamwita Meno, sina nguvu ya kuandika cheo chake kila siku.

"Na hawa," akawaambia wageni, "ndio mashujaa wetu wa kimya kimya."

Mzee Dereva akainuka akapiga saluti. Nilitaka ardhi inimeze. Wakatupiga picha, Bosi akiwa na kamasi mpaka kidevuni, na sikumfuta makusudi.

Kabla ya kuondoka Meno akatangaza jipya. Dawa zote zikae kwa msindikizaji, na kidonge cha mchana kinywewe darasani mbele ya wote, "ili jumuiya yetu iwe na imani." Jumuiya! Jumuiya yenyewe iko safu ya mbele inatafuna pipi ya mpira.

Haya. Saa ya mapumziko ya mchana nikasimama, nikatoa kidonge kwenye kopo, nikampa. Akameza. Nikamwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi sifanyi kazi nusu nusu, kama ni kusimamia, nasimamia. Kuna aliyecheka mbele. Nilimtazama mpaka akapata kazi ya kufanya.

Mdogo wangu alirudi kukaa bila kunitazama.

Ijumaa, 15 Machi

Fungua mdomo, inua ulimi. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Tumeitwa kwa Mshauri. Baada ya ule moto chuo kimeleta mshauri nasaha, dada mmoja mzuri, sauti laini kama ya mtu anayeuza manukato. Nilimpenda papo hapo. Ofisi ina viti vyenye mito na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi. Nikafikiri, hatimaye mtu.

Mdogo wangu akamwambia, "Watu hawakai karibu na mimi."

"Nakusikia," akasema Mshauri.

"Na sitaki kumeza dawa mbele za watu."

"Nakusikia sana."

"Kwa hiyo utamwambia Mlezi?"

Mshauri akainamisha kichwa, akatabasamu kama anayetuaga stendi. "Tuanze kwanza na kuvuta pumzi."

Tukavuta pumzi. Bosi naye akavuta, akatoa kwa upande mwingine, na huo ndio ulikuwa mchango wa maana kuliko yote katika kikao kile.

Nje mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Halafu nikamkazia macho, maana akicheka sana naogopa ndiyo akili inapanda. Akaona nilivyomtazama. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Alhamisi, 21 Machi

Leo tumetoka uwanjani kwa vitendo. Kazi hii inafanywa na watu wawili wawili: mmoja anachungulia kwenye darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu, mwenzake anasimama mbali na fimbo ndefu yenye namba, aishike wima. Aliyeko kwenye darubini anasoma namba, unajulikana mwinuko wa ardhi. Basi.

Jiwe akasema chagueni wenzenu. Wakachaguana kama watu wanaokimbia mafuriko. Waliobaki ni mdogo wangu na Kimya, kila mmoja upande wake wa uwanja, na hakuna aliyewaza kuwaweka pamoja. Nani awaze? Mchana kweupe uwaachie wagonjwa wawili darubini ya chuo? Mimi pia sikuwaza, niseme ukweli. Nilichukua fimbo mwenyewe. Mzee Dereva akamshikia mwanawe.

Picha yenyewe iwekwe hapa: mama mwenye mtoto mgongoni, kanga kichwani, matope mpaka kwenye magoti, amekumbatia fimbo iliyomzidi urefu.

"Fimbo wima!" Jiwe akanguruma.

"Iko wima!"

"Inaegemea kushoto. Kama mtoto ni mzito, mhamishe."

Nilimtukana moyoni matusi ambayo hata daftari hili halitayapata. Kwenye darubini mdogo wangu mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwona anaiondoa kabisa kwenye chombo, anangoja, anaigusa tena kwa kidole kimoja, anasoma. Akaandika. Jiwe akaja akaangalia alichoandika.

"Rudia," akasema, akaondoka.

Akarudia. Ikatoka namba ile ile. Jiwe akaisoma, akaenda kwa wengine. Mtu wa ajabu, utadhani neno zuri linatozwa ushuru.

Jumatano, 27 Machi

Mvua, mvua, mvua. Baba Bosi ananiuliza darasani tumefika wapi. Nimemjibu tumefika sura ya kuosha sahani, achukue yake.

Jumatano, 3 Aprili

Bosi ana homa tangu jana. Leo asubuhi mwili unawaka, nikampeleka zahanati. Mdogo wangu nikamwambia atangulie, ana jaribio la Jiwe, na Mzee Dereva atawaingiza wote wawili.

Mlinzi akakataa. "Mtu mmoja, msindikizaji mmoja." Mzee akambembeleza, akamsimulia mpaka na giaboksi. Wapi. Mdogo wangu alisimama getini kwenye mvua mpaka jaribio likaisha, kisha akaja kwa miguu mpaka zahanati, akakaa pembeni yangu amelowa chapachapa, akamchukua Bosi akamweka kifuani.

"Nimepata sifuri," akasema.

Nilimpigia simu Meno. Nilimsikia kabisa akitabasamu. "Utaratibu ni utaratibu, mama. Tunamlinda yeye mwenyewe."

"Amelindwa na mvua tangu asubuhi," nikamwambia. "Imemlinda mpaka nguo za ndani."

Akakata.

Alhamisi, 4 Aprili

Homa imeshuka. Tumerudi. Jiwe alipotuona alimwambia mdogo wangu, "Sifuri ni sifuri," mbele ya wote. Halafu saa ya mapumziko akamwita nje barazani, akampa karatasi ya maswali ya lile jaribio, akasimama karibu yake mikono nyuma, mvua inamrukia kwenye suruali, mpaka akamaliza. Nilitoka kuuliza kulikoni.

"Agizo linasema msindikizaji awe naye darasani," akasema. "Hapa si darasani."

Sijui nimweke wapi mtu huyu. Kwa leo abaki Jiwe.

Jumanne, 9 Aprili

Mzee Dereva leo hakusimulia lori. Alikaa mguu umetulia, mpaka mimi ndiye nikamuuliza kama anaumwa.

"Wanaandaa kumbukumbu ya wale vijana," akasema. "Wiki ijayo, ukumbini. Mwanangu hajalala."

Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, macho kwenye migongo ya wanafunzi. Kimya alikuwa analala bweni lile lile, chumba cha pili kutoka mwisho. Moto ulianza kwa hita ya kuchemshia maji, ya yule marehemu wa pili, asiye na ugonjwa wowote, aliyetaka chai akasinzia. Kimya alikuwa wa kwanza kufika mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli, kwa nje. Meno ndiye aliyeagiza ufungwe, wavulana wasitoroke kwenda mjini. Kimya akapiga, akavuta, akarudi kupitia moshi mpaka dirisha la mbele. Wale wawili wa chumba cha mwisho hawakurudi.

"Walikutwa wapi?" nikauliza.

"Pale pale mlangoni, mama Bosi. Wameshikana."

"Na watu wanajua?"

Mzee akanyoosha kidevu kuelekea darasa zima. "Nani hajui? Zimamoto walikata mnyororo mbele yao."

Nilitazama ile migongo. Wote wanajua. Kila anayehamisha kiti akipita mdogo wangu, anajua. Kichaa ni rahisi kukisema. Kufuli lina mwenyewe.

Kitu kimoja zaidi. Mzee alisema tangu siku ile anaongea ovyo ovyo kwa sababu akinyamaza, mwanawe anasikia zile sauti nyingine. Mwezi mzima nimekuwa nikimdharau kwa giaboksi yake.

Jumanne, 16 Aprili

Fungua mdomo, inua ulimi. Amefungua kabla sijasema. Macho yake yalikuwa ukutani.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika nyumbani, Bosi amelala juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Mbele picha mbili kubwa za marehemu, zimezungushiwa maua ya plastiki. Maua halisi nadhani yangeomba ruhusa kuondoka. Sisi tuliwekwa pembeni, wasindikizaji na watu wetu, safu yetu peke yetu. Wazazi wa wale vijana walikuwa mbele. Mama wa mmoja alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, muda wote, kama yuko safarini.

Meno akapanda. Akasema msiba. Akasema somo. Akasema "changamoto ya afya ya akili" mara nyingi mpaka neno likaisha ladha. Hita hakuitaja. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kuchoropoka mmoja mmoja, na nani angewalaumu. Meno akawaona. Akamwashiria mlinzi kwa kidevu, yule akaenda kwenye milango ya pembeni. Nikasikia mnyororo. Mlio ule haufichiki: kra-kra-kra kwenye chuma, halafu tap, kufuli.

Nasema haki. Siku ya kuwakumbuka watoto waliokufa kwenye mlango wenye mnyororo, wamefunga mlango kwa mnyororo, na aliyefanya hivyo hakuona ubaya wowote, alikuwa anatunza utaratibu.

Kimya akasimama.

"Fungueni mlango," akasema. Kwa upole, kama mtu anayeomba apishwe.

Meno akatabasamu. "Kijana wetu, kaa tu, tuko pamoja."

"Fungueni mlango."

Ukumbi ukageuka wote. Nikasikia mtu anasema, "Kimempanda," na wengine wakaanza kusukumana kujisogeza mbali, na simu zikainuliwa juu kupiga picha. Walinzi wawili wakaja. Kimya hakukimbia wala hakupiga mtu. Jasho tu lilikuwa linamtiririka na alikuwa anatazama ule mnyororo. Wakamkamata mikono.

Mdogo wangu akasimama.

"Mlango umefungwa kwa mnyororo," akasema, na sauti yake ilikuwa safi, haina mtetemo. "Tunaomba ufunguliwe. Ni hilo tu alilosema."

"Wasindikizaji," Meno akasema kwenye kipaza sauti, "tafadhali watulizeni watu wenu."

Nikamtuliza. Nilishika sketi ya mdogo wangu, nikavuta kwa nguvu niliyonayo ya kubeba mtoto na ndoo, nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Kaa chini! Utafukuzwa!" Akaanguka kwenye kiti. Akanitazama. Mwaka aliougua sana aliwahi kunitazama bila kunijua. Leo alinijua vizuri sana.

Mzee Dereva yeye hakumtuliza mtu. Aliinuka na magoti yake mabovu, akapita mbele ya viongozi wote, akaenda kusimama mlangoni, mgongo wake kwenye mnyororo. Hakusema neno. Mzee yule, leo ndiyo hana la kusema! Na yule mama wa mkoba akageuka kwenye kiti chake, akamtazama Mzee, akatazama mlango, akatazama mnyororo. Akainuka naye akaenda kusimama hapo.

Mlinzi alifungua. Hakuagizwa na mtu.

Kimya wakamwachia, kikao kikaendelea. Ndiyo, kikaendelea! Tulivuta pumzi, Mshauri akituongoza.

Ijumaa, 19 Aprili

Hasemi na mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Hasemi na mimi. Mvua inanyesha kama inayolipwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo amesema. Tulikuwa tunaanua nguo, mawingu yamefunga. Akanipa upande wa shuka tukunje.

"Dada, wewe ulifikiri nimepanda?"

"Nilifikiri watakufukuza."

"Sikuuliza hilo."

Nikakunja. Nikamwambia kweli. "Hapana. Ulikuwa mzima kuliko watu wote mle ndani. Nilijua, na bado nikakuvuta."

"Bora unichape," akasema. "Ukinichapa nitajua una hasira. Ukinivuta vile, ukiniinua ulimi vile, sijui tena mimi ni nani wako."

"Wewe ni mdogo wangu."

"Basi nipe kopo langu la dawa."

Sikumpa. Nilisema tutaona. Nimemlea tangu ana miaka tisa, nimemshika kichwa akitapika, nimemtafuta mitaani bila viatu. Watu wanafikiri kitu kama hicho unakiachia kama unavyoachia shuka.

Alhamisi, 2 Mei

Kamati ya chuo imekaa kuhusu siku ile ya ukumbini. Mdogo wangu na Kimya "walionyesha dalili." Dalili ya nini, hawakuandika. Wataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa vitendo kwa sharti moja: kila mmoja awe na msindikizaji wakati wote.

Nikapumua. Mapema mno. Jiwe akatusomea kanuni za mtihani kwa sauti yake ya kusoma bei za saruji: mtu yeyote asiye mtahiniwa haruhusiwi kuingia eneo la mtihani.

Nikarudia kichwani mara mbili. Bila mimi haingii. Na mimi siingii.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwa Meno. Nilivaa gauni la harusi za watu. Bosi nilimwachia mdogo wangu, maana nilitaka mikono mitupu.

"Mama, hali yako naielewa," akasema.

"Mimi sina hali, nina swali. Afanyeje?"

"Anaweza kuahirisha. Mwakani tutakuwa tumepitia upya kanuni."

"Mwakani nani atakaa benchini?"

"Wewe ni shujaa, mama."

"Mlezi," nikamwambia, "hapo kwenye kiti ulichokalia, ukifungiwa mlango kwa nje, utapita dirisha gani?"

Meno yakaingia ndani. Leo ndiyo kwanza nimeona mdomo wake ukiwa umefungwa. Ni mdogo, mdomo wa mtu anayeogopa mama yake. Karibu nimhurumie. Halafu akasema nisilete siasa, na huruma ikapita zake.

Njiani nilimkuta Mshauri, nikamweleza. Akasema ananisikia. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo, masikio ni mazuri.

Jumanne, 14 Mei

Nimempa kopo. Sikutoa hotuba. Niliweka mezani karibu na kikombe chake, nikaenda kufua. Mchana darasani, ulipofika muda, nilibaki nimekaa. Darasa zima likageuka kunitazama, jumuiya yetu yenye imani. Mdogo wangu akatoa kidonge mfukoni, akameza na maji, akaendelea kuandika. Kama mtu anayemeza cha kichwa.

Nilikaa juu ya mikono yangu.

Jumatatu, 20 Mei

Haijanyesha tangu Ijumaa. Nimeuliza tutafanyaje kuhusu mtihani, akasema, "Tunapanga." Nani na nani? "Tunapanga, dada." Mzee Dereva naye hajui kitu, anasema mwanawe siku hizi anatoka jioni na kamba na vijiti kupima uwanja wa mpira wa watoto, na mdogo wangu yuko naye. Mzee amerudia giaboksi. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kumbe mzigo wa lile lori ulifika.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya mtihani. Jua kali, matope yameanza kupasuka.

Tulifika getini mimi, Bosi, mdogo wangu. Mzee Dereva na Kimya walikuwa wamesimama tayari, wamechana nywele wote wawili. Watahiniwa wengine walikuwa wanaingia wawili wawili na fimbo zao.

"Unamsindikiza nani?" mlinzi akaniuliza. Kabla sijajibu mdogo wangu akanipita.

"Leo huyu hanisindikizi," akasema. "Msindikizaji wangu ni huyu." Akamshika Kimya mkono.

Mlinzi akamgeukia Kimya. "Na wewe wako?"

"Huyu," akasema Kimya.

Mlinzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Akacheka, akaacha. "Haiwezekani. Wagonjwa wawili?"

"Agizo linasema ndugu au mtu mzima mwingine yeyote aliyekubali," mdogo wangu akasema. "Mimi nina miaka ishirini na tatu na nimekubali."

"Nimekubali," akasema Kimya.

"Na sote ni watahiniwa," mdogo wangu akaendelea, "kwa hiyo hakuna mgeni anayeingia."

Bosi mgongoni akaanza kulia. Nilitaka kusema. Nilitaka kumshika sketi. Nikashika waya wa uzio.

Mlinzi akampigia Meno. Hapokei, yuko semina, anawaeleza watu wa vyuo vingine jinsi ya kuwashika mkono wenzetu. Akapiga tena. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, na msichana mmoja, yule aliyecheka siku ya kwanza ya kidonge, akasema kwa sauti, "Si muwafungulie, jua linatuunguza." Sijui ilikuwa huruma au jua. Nimeipokea.

Akatokea Jiwe, na buti za mpira, na saa mkononi.

"Kuna nini?"

Mlinzi akaeleza, amechanganyikiwa. Jiwe akamtazama mdogo wangu. Akamtazama Kimya. Hakuwatazama kwa upole wala kwa ukali, aliwatazama kama anavyotazama fimbo, imesimama wima au haijasimama.

"Naona watu wazima wawili," akasema. "Hesabu yako inakuja ngapi?"

"Wawili, mwalimu."

"Fungua."

Akafungua.

Eneo lao lilikuwa kati ya ukumbi na bweni lililoungua. Walipewa kama walivyopewa wengine, kwa kufuatana. Nilisimama kwenye uzio na Mzee Dereva, tunawaona wadogo. Kimya alishika fimbo kwanza. Ilibidi aipeleke mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa bweni, uliobaki tundu jeusi. Akasimama hatua chache kabla. Akakaa hivyo. Mzee mguu wake ukakanyaga breki, ukang'ang'ania.

Mdogo wangu hakumfuata, hakumpigia kelele. Aliondoa mikono yake kwenye darubini, akaiweka pembeni, akangoja, kama anavyoingoja mikono yake mwenyewe itulie. Jiwe akatazama saa, kisha akaangalia upande mwingine.

Kimya akasogea. Akaiweka fimbo kizingitini. Wima.

Mdogo wangu akasoma, akaandika. Halafu, hakuna aliyemwambia, akarudia.

Walipobadilishana, akaja mbio kwenye uzio, midomo imekauka. "Dada, maji." Nikampitishia chupa kwenye tundu la waya. Akanywa yote, akamfinya Bosi shavu kupitia waya, akanirudishia chupa tupu.

"Mbona bado uko hapa? Nenda nyumbani, cherehani itaota kutu."

"Nikusubiri?"

"Sisi tutarudi na Mzee."

Nikamfunga Bosi vizuri. Kwenye geti mlinzi alikuwa ameshika kalamu, kwa mazoea tu.

"Unamsindikiza nani, mama?"

"Huyu wa mgongoni," nikamwambia. "Naye nikifika namweka chini, atambae mwenyewe."